Kazi za Umeme wa Nyuklia: Mafunzo Yaanze Lini na Yaanzie Wapi?

Kenya inapanga kujenga kiwanda chake cha kwanza cha umeme wa nyuklia, na serikali ya kitaifa imetaja mwaka 2034 kuwa shabaha ya kuanza kuzalisha umeme huo. Katika mabaraza na vikao vya umma wananchi wameuliza sana kuhusu ardhi, fidia na usalama, na wana haki ya kuuliza. Swali ambalo halijapewa nafasi ya kutosha ni hili: siku kiwanda hicho kitakapowashwa, ni kina nani watakaofanya kazi ndani yake?

Swali hilo haliwezi kungoja hadi 2034. Mwanafunzi aliyeingia Gredi ya 10 mwaka 2026 akiwa na umri wa miaka 15 atakuwa na miaka 23 wakati huo. Fundi mwenye miaka 25 leo atakuwa amefikisha umri wa mtu aliyekomaa kazini. Makala haya yanaeleza kazi zilizomo katika kiwanda cha nyuklia, mafunzo yake huchukua muda gani, nchi nyingine zimejifunza nini, na hatua ambazo kijana, mzazi na fundi wa kaunti wanaweza kuchukua sasa.

HALI ILIVYO NCHINI

Kenya imekuwa mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, tangu 1965. Sheria ya Kawi ya 2019 iliunda Wakala wa Nguvu za Nyuklia na Kawi, NuPEA, unaosimamia maandalizi ya mradi pamoja na kutayarisha wataalamu. Mwaka huohuo, Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, KNRA. Mamlaka hiyo hutoa leseni na kukagua vifaa vyote vyenye mionzi, zikiwemo mashine za eksirei hospitalini. Taasisi hizi mbili zimetenganishwa makusudi, kwa sababu anayeandaa ujenzi hafai kujikagua mwenyewe. Zote mbili zinahitaji wafanyakazi wenye ujuzi.

Eneo la kwanza kuzungumziwa sana lilikuwa Uyombo, Kaunti ya Kilifi, ambako wakazi wengi waliupinga mradi. Baadaye macho yalielekezwa Kaunti ya Siaya, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria. Popote kitakapojengwa, mahitaji ya watu hayatabadilika.

IAEA huzipa nchi zinazoanza safari hii orodha ya masuala 19 ya kutayarisha, kuanzia sheria, fedha na njia za umeme hadi utunzaji wa taka za nyuklia. Kutayarisha wafanyakazi ni suala mojawapo kati ya hayo 19, nalo linagusa mengine yote. Kwa makadirio ya shirika hilo, safari nzima huchukua miaka 10 hadi 15.

Wakenya hawaanzi mikono mitupu. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia. Wengine wamesomea shahada ya uzamili katika chuo cha KINGS mjini Ulsan, Korea Kusini, ambacho kilifunguliwa 2012 kwa ajili ya wahandisi wa nyuklia kutoka Korea na nchi nyingine. Wasomi hao wanahitajika sana, lakini kiwanda hakiendeshwi na wasomi wa nyuklia peke yao.

KAZI ZENYEWE NI ZIPI?

Kinu cha nyuklia hutoa joto. Joto hilo hugeuza maji kuwa mvuke, mvuke huzungusha turbaini, na turbaini huzungusha jenereta inayotoa stima. Kuanzia kwenye mvuke kwenda mbele, kazi hufanana sana na ile ya Olkaria, ambako mvuke hutoka ardhini. Ndiyo maana watu wanaohitajika wanaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni wataalamu wa nyuklia wenyewe: wahandisi wa kinu, wanafizikia, wanakemia wa mionzi na wataalamu wa kinga dhidi ya mionzi. Hawa husoma chuo kikuu na idadi yao ni ndogo.

Kundi la pili ndilo kubwa kuliko yote. Humo mna welda, mafundi wa mabomba, mafundi stima, makanika, mafundi wa vifaa vya kupimia, waendeshaji wa kreni, wapimaji wa ubora, wahandisi wa ujenzi na wataalamu wa kompyuta. Hawa hujifunza kazi yao kama fundi mwingine yeyote, kisha huongezewa mafunzo ya kuifanya kwa kiwango cha nyuklia.

Kundi la tatu ni madereva, wapishi, walinzi, makarani na wafanyakazi wa usafi. Wao huhitaji kufahamu kanuni za mahali pa kazi: wapi pa kuingia, alama za onyo zina maana gani, na king'ora kikilia mtu aelekee wapi.

Kijana anayedhani kwamba nyuklia ni ya wale waliopata alama ya A katika fizikia pekee anajifungia mlango ambao haujafungwa. Lakini kiwango cha nyuklia si maneno ya kupamba tangazo la kazi, na mfano ufuatao unaonyesha kwa nini.

MISHONO MINANE ILIYOITESA UFARANSA

Ufaransa hupata takriban theluthi mbili ya umeme wake kutokana na nyuklia, na imeendesha vinu kwa miongo mingi. Mwaka 2007 ilianza kujenga kinu kipya huko Flamanville, kaskazini-magharibi mwa nchi. Kilitarajiwa kukamilika 2012 kwa gharama ya yuro bilioni 3.3. Kiliunganishwa na gridi mwezi Desemba 2024, na kampuni ya umeme ya EDF ilikadiria gharama ya ujenzi kuwa yuro bilioni 13.2.

Sababu za kuchelewa zilikuwa nyingi, na mojawapo ilikuwa kazi ya welda. Mishono ya kuchomelea kwenye mabomba makuu ya mvuke haikufikia ubora uliotakiwa. Minane kati yake ilikuwa katikati ya kuta mbili za jengo la kinu, mahali pagumu kufikika. Mwezi Juni 2019 mdhibiti wa nyuklia wa Ufaransa aliamuru irekebishwe kabla ya kinu kuwashwa, na kazi hiyo ililazimu kutumia roboti.

Serikali ya nchi hiyo iliomba ripoti kuhusu yaliyotokea. Ripoti iliyotolewa Oktoba 2019 na Jean-Martin Folz ilitaja, pamoja na makosa mengine, kupotea kwa ujuzi. Kinu kilichotangulia cha Ufaransa kilikuwa kimeunganishwa na gridi mwaka 1999. Katika miaka iliyofuata mafundi wazoefu walistaafu, na vijana hawakuwa na mahali pa kujifunzia kazi hiyo. Jawabu moja lilikuwa kufungua chuo maalumu cha kuchomelea, Hefaïs, katika eneo hilohilo la Cotentin. Kilianza kupokea wanafunzi 2022.

Funzo kwa Kenya liko wazi. Ikiwa nchi yenye uzoefu mkubwa namna hiyo ilirudi nyuma kwa kukosa mafundi, nchi inayoanza haiwezi kuwaacha welda wake hadi siku ya mwisho. Na welda hafunzwi kwa wiki mbili. Kwanza hujua kuchomelea, kisha hujua kuchomelea kila aina ya chuma, kisha hupimwa. Mshono wake hupigwa picha ya eksirei kama mfupa, kuona kama kuna ufa au kiputo ndani. Ukikataliwa, hukatwa na kazi ikaanza upya.

KUENDESHA KINU: KWA NINI MAFUNZO HAYAISHI

Kazi inayodai mafunzo marefu zaidi ni ile ya chumba cha kuendeshea kinu. Alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, katika kiwanda cha Three Mile Island nchini Marekani, vali moja ilikwama ikiwa wazi na maji ya kupoza kinu yakawa yanatoka. Taa iliyokuwa kwenye paneli ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga vali ilikuwa imetumwa. Haikuonyesha kama vali yenyewe ilikuwa imefunga. Waendeshaji waliamini kwamba maji yalikuwa mengi kupita kiasi, wakapunguza maji ya dharura. Sehemu ya nishati ya kinu iliyeyuka.

Tume iliyoteuliwa na Rais Jimmy Carter iligundua kwamba mafunzo ya waendeshaji yalikuwa na upungufu mkubwa. Mwaka huohuo kampuni za umeme za Marekani ziliunda taasisi ya pamoja, INPO, ya kupima utendaji wa viwanda vyao na mafunzo yanayotolewa humo.

Tangu wakati huo imekuwa kawaida kwa mwendeshaji kufunzwa katika simuleta, yaani chumba kilicho nakala ya chumba halisi, chenye swichi na skrini zilezile, ambamo mwalimu huleta hitilafu za kila aina. Mwendeshaji hukosea humo, akarudia hadi akajua. Nchini Marekani leseni ya mwendeshaji hudumu miaka 6, na ndani yake kuna mafunzo ya marudio yanayozunguka kila miaka 2. Mtu akifeli marudio, huondolewa kazini hadi afunzwe tena.

Jambo jingine hufunzwa kwa kila mtu, hata mpishi na mlinzi. Huitwa utamaduni wa usalama. Maana yake ni kwamba mfanyakazi wa chini kabisa akiona kasoro ana wajibu wa kuitaja, na mkubwa wake ana wajibu wa kumsikiliza bila kumwadhibu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika kiwanda cha nyuklia, anayeficha bolti aliyoidondosha ndani ya bomba ni hatari kuliko aliyeidondosha akasema.

JENGO TAYARI, WATU BADO

Falme za Kiarabu zilianza zikiwa hazina kinu hata kimoja, kama Kenya. Desemba 2009 zilitia sahihi mkataba na kampuni ya KEPCO ya Korea Kusini wa kujenga vinu vinne huko Barakah. Ujenzi ulianza 2012. Wakati huohuo vijana wa nchi hiyo walipewa ufadhili wa masomo, wengine chuo kikuu na wengine stashahada za ufundi, kisha wakapelekwa Korea kufanya kazi kando ya wenyeji.

Hata kwa maandalizi hayo yote, kinu cha kwanza kilitangazwa kuwa kimekamilika kujengwa mwezi Machi 2018 lakini kikapata leseni ya kuendeshwa Februari 2020. Kuimarisha ujuzi wa waendeshaji kulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa za kungoja. Mdhibiti hakukubali kuharakisha. Kinu hicho kilianza kuuza umeme Aprili 2021, na cha nne Septemba 2024. Nchi yenye fedha nyingi ilinunua vinu, lakini muda wa kukomaza watu haikuweza kuununua.

Misri ilichukua njia nyingine. Inajenga vinu vinne huko El Dabaa, kwenye pwani ya Mediterania, na ujenzi wa cha kwanza ulianza Julai 2022. Miaka mitano kabla yake, mwaka 2017, ilifungua papo hapo El Dabaa shule ya ufundi wa nyuklia ya miaka 5, inayopokea wanafunzi wanaotoka shule za msingi za juu. Shule ilianza kufundisha kabla ya zege la kinu kumwagwa.

KENYA IMEWAHI KUFANYA HIVI

Yapo mengi ya kujifunza hapa nyumbani. Kituo cha kwanza cha mvuke cha Olkaria kilianza kutoa umeme 1981. Miaka miwili kabla yake, mpango wa mafunzo ya nishati ya mvuke ulikuwa umeanzishwa nchini Iceland, na katika miongo iliyofuata Wakenya waliokwenda kusomea huko walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Waliporudi waliwafunza wenzao visimani. Leo Kenya inaongoza Afrika kwa umeme wa mvuke, na wataalamu wa KenGen wamechimba visima vya mvuke Ethiopia na Djibouti.

Mafanikio hayo yalichukua miaka kama arobaini. Yalitokana na kupeleka watu masomoni mwaka baada ya mwaka, na kuhakikisha wakirudi wanapata kazi waliyoisomea.

KAUNTI INAHUSIKAJE?

Kiwanda cha nyuklia ni mradi wa serikali ya kitaifa. Vyuo vikuu na vyuo vya kitaifa vya anuwai pia viko chini ya serikali ya kitaifa. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka vyuo vya ufundi vya mashinani mikononi mwa kaunti. Maana yake ni kwamba ngazi ya kwanza kwa welda, fundi stima na fundi bomba iko hapa.

Umuhimu wa ngazi hiyo unaonekana kwenye hesabu. Katika upanuzi wa kiwanda cha Vogtle, jimbo la Georgia nchini Marekani, wafanyakazi wa ujenzi walizidi 9,000 kazi ilipopamba moto. Vinu viwili vipya vilipokamilika, 2023 na 2024, nafasi za kudumu zilikuwa takriban 800. Maelfu hufanya kazi ya ujenzi kisha huondoka, na wanaobaki ni wale wenye ujuzi uliothibitishwa. Eneo ambalo vijana wake hawana vyeti litapata kazi za kubeba mchanga na kuchanganya simiti kwa miaka michache, kisha litawaona wageni wakibaki na ajira za miaka 60.

Kwa hiyo chuo cha ufundi cha kaunti kinapaswa kupimwa kwa mambo ya kawaida: je, kina mashine za kuchomelea za kutosha ili kila mwanafunzi aishike kwa mkono wake? Je, wanafunzi wanafunzwa kusoma michoro, kupima kwa usahihi na kuandika kumbukumbu ya kazi waliyofanya? Je, wanakalia mtihani wa ufundi wa serikali kabla ya kuondoka? Haya si mambo ya nyuklia, lakini hakuna fundi wa nyuklia anayeweza kuyaruka.

HATUA ZA KUCHUKUA SASA

1. Mwanafunzi wa sekondari ya juu. Mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati ndio unaoelekea kazi hizi, za chuo kikuu na za ufundi pia. Hisabati ndiyo ya kushikilia zaidi.

2. Aliyemaliza shule. Ajiunge na kozi ya ufundi inayotambulika, ya kuchomelea, umeme, mabomba au ufundi mitambo. Kabla ya kulipa karo, ahakikishe chuo kimesajiliwa na mamlaka ya mafunzo ya ufundi, TVETA.

3. Fundi wa jua kali. Anayeijua kazi lakini hana karatasi anaweza kupimwa kwa mtihani wa ufundi wa serikali unaosimamiwa na NITA, ambao una madaraja matatu. Aanze na daraja la tatu apande. Upo pia utaratibu wa kitaifa wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini.

4. Mzazi. Asimzuie binti kuchagua ufundi. Chumba cha simuleta na mashine ya kuchomelea havijui tofauti ya mvulana na msichana.

MASWALI YANAYOULIZWA BARAZANI

Je, mradi ukichelewa au usipojengwa, mafunzo yatakuwa yamepotea bure? La. Welda aliyefaulu kipimo cha eksirei anahitajika Olkaria, bandarini na kwenye mabomba ya mafuta. Mtaalamu wa kinga dhidi ya mionzi anahitajika katika hospitali zinazotibu saratani. Mionzi pia imetumika katika utafiti wa kilimo: mbegu ya ngano ya Eldo Ngano 1, inayohimili kutu ya shina, ilitokana na kazi hiyo na ikatolewa 2014 na Chuo Kikuu cha Eldoret.

Je, mfanyakazi wa kiwanda huungua na mionzi? Kiwango kinachoruhusiwa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka 5, bila kuzidi 50 katika mwaka wowote mmoja. Anayefanya kazi penye mionzi huvaa kifaa cha kuipima, na kumbukumbu yake hutunzwa. Kujifunza kukivaa na kukisoma ni sehemu ya mafunzo.

Je, wenyeji watapewa nafasi kwanza? Hilo huamuliwa katika mikataba na sheria, na wananchi wanaweza kulidai katika vikao vya ushirikishaji wa umma. Lakini ahadi ya asilimia fulani ya ajira haina maana ikiwa hakuna wenyeji wenye vyeti vya kuijaza.

Je, kuna mtu anayeandikisha watu kwa kazi hizi sasa? Nafasi za kazi katika mashirika ya serikali hutangazwa hadharani na kuomba ni bure. Anayedai pesa ili aliweke jina la mtu kwenye orodha ya kazi za nyuklia ni tapeli, na wakazi wanaombwa wamripoti kwa chifu au kituo cha polisi kilicho karibu. Anayetaka kujua kuhusu kozi, karo na basari afike katika ofisi ya msimamizi wa wadi yake au chuo cha ufundi cha kaunti kilicho karibu naye. Aende na kitambulisho na hati ya matokeo ya shule.